Freni ya diski na bidoni ya mawese

Mwezi huu tunasema juu ya freni ya kinga. Wengine watacheka: "Pasta, freni tena? Miguu si iko?" Ndiyo, miguu iko, na katika njia zetu ni wengi wanaosimamisha kinga kwa kisigino juu ya mupira wa nyuma. Lakini siku hizi, kati ya kinga zetu za zamani, tunaona zingine zenye freni ya diski, sawasawa na ile ya moto. Kijana anatafuta franka miezi mingi, anainunua, anafunga bidoni za mawese nyuma, na anazani kwamba kwa sababu freni ni ya kisasa itamusimamisha fasi yoyote. Haiko vile. Freni ya diski ikipangwa vizuri inashinda freni zote tulizozijua hapa Kindu. Ikipangwa vibaya, ao ikipata mafuta kidogo tu, inaweza kuwa mbaya kuliko ile ya babu yako.

Tuangalie kwanza namna inavyofanya kazi. Kinga ya zamani, ile nyeusi yenye vyuma virefu kutoka gidoni mpaka chini, inashika kwenye janti. Unavuta mukono, vyuma vinavuta vipande viwili vya mupira, vinagusa janti, gurudumu linasimama. Shida ni kwamba janti iko karibu na udongo. Mvua ikinyesha, janti inalowa, matope yanapanda, unavuta mukono na hupati jibu. Diski iko katikati ya gurudumu, juu ya matope mengi. Ni sahani ya chuma, unene wake ikiwa mupya ni karibu milimita 1.8, na inazunguka pamoja na gurudumu. Kando yake kuna kitu ambacho mafundi wanaita etrie. Mimi nitaita taya, maana kazi yake ni kuuma. Ndani ya taya kuna plaketi mbili. Ukivuta mukono wa freni, waya unavuta taya, na zile plaketi zinabana sahani. Basi. Hakuna siri ingine.

Wazo hili si la jana. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hati ya uvumbuzi wa freni ya diski kwa motokari katika mwaka 1902. Kwenye kinga za mashindano ya barabara ilichelewa sana. Ni katika mwaka 2018 tu ndipo UCI, shirikisho la dunia la mchezo wa kinga, iliiruhusu kabisa. Vijana waliofuata mashindano ya dunia kule Kigali katika Septemba 2025, ya kwanza ya namna ile kufanywa katika Afrika, waliona watu wakishuka milima ya muji ule kwa mbio ya kutisha, na kinga zao zilikuwa na diski. Ni vizuri. Lakini yule mukimbiaji hana bidoni nyuma. Kinga yake haifike hata kilo 8, na motokari inamufuata ikibeba fundi na magurudumu mengine tayari. Wewe huna ile motokari.

Tupime basi muzigo wetu sisi. Lita 20 za mafuta ya mawese zina uzito wa kilo 18 hivi. Bidoni 5 ni kilo 90, bila kuhesabu bidoni zenyewe. Weka kinga kilo 20, weka kijana kilo 60: inakuwa kilo 170. Wale wanaobeba kasiterite wanajua muzigo mubaya zaidi, maana mufuko mudogo unaofanana na wa chumvi unakupatia kilo 50 bila kuonekana. Wazee wa Kalima wanakumbuka wakati wa SOMINKI, tangu 1976 mpaka 1997, wakati lori za kampuni zilikuwa zinapita na ile mizigo. Tena wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, reli ilipokatika, kinga ndizo zilizosaidia kulisha muji huu. Mpaka leo muzigo mingi unapita juu ya magurudumu mawili, na mara nyingi mwenye kinga hata hapandi, anaisukuma kwa mukono mmoja kwenye gidoni na mwingine kwenye fimbo.

Sasa angalia kilo 170 zikishuka. Nikisema mutelemuko wa mita 30, sisemi urefu wa njia. Nasema kushuka chini mita 30, kama mingazi miwili mirefu, mmoja juu ya mwingine. Ikiwa freni peke yake ndiyo inayokuzuia, moto unaozaliwa ndani yake unatosha kuchemsha glasi ndogo ya maji. Moto ule wote unaingia katika sahani ambayo si kubwa kupita sahani ya chai na katika plaketi mbili ambazo kila moja ni kama sarafu. Ndiyo sababu kisha mutelemuko mrefu hupashwi kugusa diski: itakuchoma vidole. Na mwendo ni mubaya kuliko muzigo. Ukiongeza muzigo mara mbili, kazi ya freni inaongezeka mara mbili. Ukiongeza mwendo mara mbili, kazi yake inaongezeka mara 4, na njia unayohitaji ili usimame vile vile ni mara 4.

Na chini ya mutelemuko kuna nani? Kwenye kivuko cha Lualaba, upande wa Alunguli kama vile upande wa muji, njia inashuka mpaka kwenye maji. Chini kuna akina mama wenye mabeseni kichwani, kuna watoto wanaoteka maji, kuna watu wanaoshuka kutoka pirogi na mizigo na hawaangalie nyuma. Kinga ya kilo 170 isiyosimama haiangukie mwenyewe peke yake. Na mara ingine kwenye portbaga hakuna bidoni. Kuna mutoto wa miaka 6 anayepelekwa masomo na kaka yake.

Sasa tufike kwenye adui mwenyewe, na hapa nataka musome polepole. Adui ya freni ya diski ni mafuta. Kule Ulaya fundi anaogopa mafuta ya cheni. Sisi tuko na ya cheni na tunaongeza mawese, bidoni tano, siku nzima, kwenye barabara ya mashimo. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawasemi: kwenye kinga diski iko upande wa kushoto, maana upande wa kuume umekaliwa na cheni. Kwa hiyo bidoni unayofunga upande wa kushoto wa portbaga inakaa wima juu ya taya. Kifuniko kikilegea kidogo, tone linateremka pembeni ya bidoni, linafika chini, linaanguka juu ya diski. Hutaona kitu. Diski itaendelea kung'aa, tena zaidi kuliko jana.

Plaketi inakunywa mafuta kama mukate katika chai. Ikikunywa, imekwisha. Dalili ni hizi: freni inapiga kelele kama mutoto wa mbuzi, ama inanyamaza kabisa na kuteleza, unavuta mukono mpaka mwisho, mukono ni mugumu vizuri, lakini kinga inaendelea tu. Hii ya pili inadanganya sana. Mutu anazani waya umelegea, anaukaza, anaukaza tena, mpaka waya unakatika. Waya haukuwa na kosa.

Wengine wanatoa plaketi na kuzichoma juu ya makaa. Moshi unatoka, wanafurahi. Nawaambia, mafuta ya ndani hayatoke yote, na gundi inayoshika ile plaketi juu ya chuma chake inaweza kuharibika kwa moto. Plaketi ikibanduka ukiwa katikati ya mutelemuko, utajuta ile siku. Kama mafuta yamegusa juu kidogo tu, na umeona palepale, unaweza kusugua uso wake kwa karatasi ya musasa mpaka utoke uso mupya, kisha ujaribu bila muzigo. Ikiendelea kuteleza, tupa. Diski yenyewe ni chuma, haikunywi kitu, inaoshwa: kwanza maji ya moto na sabuni, maana mawese hayaogope kitu kama sabuni, suuza, panguza na kitambaa safi kisichopita hata siku moja jikoni, kisha malizia na alkoli ya famasi. Mazutu hapana, inaacha mafuta yake. Petroli ya moto yenye kuchanganywa na mafuta hapana. Kijana mumoja aliuliza kama lotoko inaweza kufaa. Lotoko iko na maji mingi na uchafu wa kupikia. Na mimi kama pasta sitaki kuitafutia kazi mupya.

Lakini afazali kuzuia. Chini ya kifuniko cha bidoni weka kipande cha plastiki ya nguvu, kisha kaza. Panguza bidoni kwa inje mbele ya kuifunga, kwa sababu mara mingi mafuta hayatoke ndani, yalibaki inje wakati wa kumimina. Bidoni unayoitilia mashaka ifunge upande wa kuume. Kata kipande cha bidoni ya zamani, kipana kama vitanga viwili vya mukono, ukifunge kwenye vyuma vya portbaga juu ya taya, kikiinama kuelekea nyuma, ili tone likianguka liende kwenye udongo. Hapana kukifunga karibu sana na diski, plastiki inayeyuka. Na ukitia mafuta kwenye cheni, tia tone kwa tone, kisha panguza. Mutu anayemimina mafuta ya vidanje juu ya cheni huku anazungusha pedali kwa nguvu anaoga yeye, anaogesha na diski. Hata vidole vyako viko na mafuta. Shika gurudumu kwa rayoni, si kwa diski.

Tuje sasa kwenye kupanga. Kazi hii inaomba nusu saa, ufunguo wa pembe sita, ule wa nyota, na mwangaza muzuri. Usipangie usiku chini ya tochi ya telefone.

Anza na gurudumu, maana wengi wanaanza na taya, na ile ni kupoteza wakati. Gurudumu likikaa upande, kila kitu utakachopanga kitakuwa upande. Lilegeze, simamisha kinga juu ya magurudumu yake mawili, liache likae mpaka mwisho wa fasi yake, ndipo ukaze. La mbele uangalie mara mbili: freni ya diski ikishika kwa nguvu inasukuma ekseli ya mbele kuelekea chini, kama vile inataka kuitoa katika uma. Ekseli isiyokazwa inaweza kutoka kweli. Kisha gusa skuru za diski, kwa kawaida ni 6, moja moja. Kaza kwa kuvuka, hii halafu ile iliyo ngambo yake, si kwa kufuatana.

Zungusha gurudumu na uangalie diski ikipita ndani ya taya. Ikiyumba, ilipindika, labda kinga ililazwa juu ya mizigo katika lori. Inanyoshwa ikiwa baridi, kwa ufunguo safi wenye kufungiwa karatasi safi, ukisukuma kidogo sana fasi moja, unazungusha, unaangalia tena. Mutu mwenye haraka anaiharibu kabisa.

Sasa taya. Inashikwa na skuru mbili kwenye kinga. Zilegeze mpaka taya iweze kutembea kushoto na kuume. Vuta mukono wa freni kwa nguvu, na mwenzako aendelee kuushika, ama uufunge na kipande cha shambrer. Taya itajipeleka yenyewe fasi yake. Ndipo kaza zile skuru mbili, robo mara huku, robo mara kule, kwa zamu, kwa sababu ukikaza moja mpaka mwisho taya inageuka. Achia mukono. Weka karatasi nyeupe nyuma ya taya na uchungulie: unapashwa kuona mustari mwembamba wa mwangaza kila upande wa diski.

Kwenye kinga nyingi za bei ya chini, plaketi moja tu ndiyo inayotembea. Ile ya upande wa gurudumu inasimama, na diski inasukumwa kidogo kuelekea kwake. Kwa hiyo ile inayosimama inapashwa kukaa karibu sana na diski bila kuigusa. Iko na skuru yake ao kifungo cha kuzungusha kwa ndani, kati ya rayoni. Izungushe mpaka diski ianze kusugua, kisha rudisha kidogo tu. Nikikuta kinga yenye freni ya uvivu, karibu kila mara ni hapa. Plaketi zinakwisha, mwenye kinga anaendelea kuvuta waya, na ile ya ndani hajaigusa tangu siku ya kununua.

Na hii mafundi wengi wa njia hawaijue: hapana kusahihisha plaketi zilizokwisha kwa kuvuta waya. Kile kimukono cha taya kinachovutwa na waya kinapashwa kuanzia nyuma kabisa, fasi yake ya kupumzika. Ukikaza waya mpaka kimukono kikae katikati, freni itakuwa karibu, ndiyo, na mukono utasikia vizuri ukiwa nyumbani. Lakini nguvu imepungua, na siku ya muzigo kimukono kitafika mwisho wake mbele ya kubana. Sogeza plaketi kwa skuru zao. Waya uondoe ulegevu tu.

Waya wenyewe uko na ganda. Ganda likiingia maji na muchanga, nusu ya nguvu ya vidole vyako inabaki mule ndani. Chomoa waya, vuta kati ya vidole vyenye kitambaa. Ukiwa na kutu ama nyuzi zake zimekatika hata mbili, badilisha. Ganda likatwe sawa, lisibonyezwe, na lisipindwe kwa kona kali karibu na taya. Kisha vuta mukono wa freni kwa nguvu zote: usiguse gidoni. Nafasi ya kidole kimoja ibaki.

Freni mupya, ao plaketi mupya, haiumi siku ya kwanza. Hapa vijana wanarudi sokoni kugombana na muuzaji bure. Plaketi na diski zinapashwa kuzoeana kwanza. Tafuta fasi tambarare, bila muzigo, bila mutoto nyuma. Kimbiza kinga vizuri, vuta freni ya mbele kwa nguvu lakini bila kufunga gurudumu, mpaka ufikie mwendo wa mutu anayetembea, achia, kimbiza tena. Mara 20 mpaka 30. Fanya vilevile kwa ya nyuma. Utasikia mwenyewe namna inavyoanza kushika, kila mara kupita ile ya mbele yake. Ukimaliza, iache ipoe. Mutu anayefunga bidoni siku anayonunua, na kushuka mulima palepale, anapika plaketi mbele hazijazoea, zinakuwa kama kioo, na kelele haiishi tena.

Kuna kinga chache zenye freni ya majimaji, bila waya. Ni za nguvu sana, na kwa sisi ni za taabu. Zingine zinatumia mafuta maalum ya madini, zingine zinatumia majimaji ya freni yanayoandikwa DOT kama ya motokari. Imeandikwa kwenye kifuniko cha chupa yake ao kwenye mukono wa freni. Hazibadilishane. Ukitia DOT katika ile ya mafuta ya madini, mipira ya ndani inavimba na freni inakufa. Mafuta ya kupikia, usifikiri hata kidogo. Kama huna duka linalokuuzia yale majimaji, nunua ya waya.

Juu ya mvua nitasema kidogo tu. Plaketi zinazouzwa na kinga za bei ndogo mara nyingi ni za namna laini, zinauma vizuri zikiwa kavu, hazipige kelele sana, lakini matope ya muchanga yanazikula haraka. Ziko zingine zenye unga wa chuma ndani, zinadumu zaidi na zinavumilia moto wa mutelemuko, lakini diski zingine zinaandikwa kwamba zinakubali laini tu. Soma maandishi madogo yaliyochongwa kwenye diski. Katika mwezi wa mvua kali, angalia plaketi kila juma. Sehemu inayosugua ikifika nusu ya unene wa kijiti cha kiberiti, tafuta zingine. Ukingoja mpaka chuma kisugue chuma, utanunua na diski. Na diski yenyewe ikiwa imelika kutoka 1.8 mpaka milimita 1.5, itupwe hata kama inang'aa.

Kuna vijana wanaotoa freni ya mbele. Wanasema, "Ile ya mbele inatupa mutu juu ya gidoni." Inamutupa yule anayeivuta kwa mara moja akiwa mwepesi. Wakati unaposimama, uzito wote unaenda mbele, na gurudumu la mbele linashika udongo kuliko la nyuma. Ukiitoa, umetupa zaidi ya nusu ya nguvu yako ya kusimama. Vuta zote mbili pamoja, polepole, kisha kwa nguvu. Kwenye matope ya kuteleza ao kona ya muchanga, achia ya mbele kidogo. Wewe unayesukuma kinga, angalia mukono gani unashika gidoni: freni ya nguvu ya nyuma iwe kwenye ule mukono, kwa sababu mwingine uko kwenye fimbo na hautafika. Kubadilisha waya mbili ni kazi ya dakika 20. Na ukiazima kinga ya mwenzako, uliza kwanza mukono wa kushoto unavuta nini, maana si zote zinafanana.

Kwenye mutelemuko, punguza mwendo ukiwa juu, si katikati. Usiburute freni bila kuachia kutoka juu mpaka chini. Vuta kwa nguvu, mwendo upungue, achia ipumue, vuta tena. Ukiona mukono unaanza kuingia ndani kuliko kawaida, ama unasikia harufu ya kuungua, simama kando na ungoje ipoe. Usiimwangie maji, sahani ya moto inaweza kupindika. Watu wa chukudu kule Goma, na mbao zao, wako na kipande cha mupira wa gari juu ya gurudumu la nyuma wanachokanyaga, na hawaone haya kushuka na kutembea kando ya muzigo mahali ambapo ni pakali. Wewe mwenye diski usione haya vilevile.

Jaribio langu ni moja, na linafanywa na muzigo wote juu, si mbele ya kupakia. Freni iliyopangwa kwa kinga tupu haijapangwa. Kisha kufunga bidoni ya mwisho, sukuma kinga mpaka mwanzo wa mutelemuko, vuta ya nyuma peke yake na uisukume kwa kifua. Vuta ya mbele peke yake, fanya vilevile. Kama moja wapo inateleza, mafuta yamefika. Shusha muzigo palepale.

Wazazi, kama munanunulia kijana kinga na franka hazifike, chukueni yenye diski ya kawaida ya waya na mubakishe kitu kwa plaketi mbili za akiba, waya mumoja na ganda lake. Plaketi zinatofautiana kwa umbo kutoka taya mpaka taya, kwa hiyo mupeleke ile ya zamani sokoni kama mufano, musitegemee maneno ya "zote ni moja." Zile za akiba zifungwe katika plastiki safi na ziwekwe ndani ya nyumba. Si katika mufuko mumoja na samaki wa kukaanga.